Sakafu nyeupe inayong'aa: mwongozo kamili, kuanzia niru mpaka dekio

Nyumba nyingi za pwani yetu zina sebule yenye giza mchana kweupe. Dirisha lina nondo na wavu wa mbu, mbele yake kuna baraza lenye paa, na ukuta wa jirani uko hatua chache tu. Watu hupaka kuta nyeupe, hupaka dari nyeupe, kisha huiacha sakafu ikiwa ya kijivu au nyekundu, ilhali mwanga unaoingia dirishani hutua sakafuni kwanza. Saruji tupu humeza sehemu kubwa ya mwanga huo. Rangi nyeupe nzuri huurudisha kwa zaidi ya asilimia 80, ukapanda darini na kusambaa chumba kizima. Ndiyo maana naipenda sakafu nyeupe, na ndiyo maana inaniuma kuiona imebanduka vipande vipande miezi michache baada ya mwenye nyumba kutoa pesa yake.

Watu wa Sweden na Norway hupaka sakafu zao nyeupe kwa sababu hiyohiyo ya kutafuta mwanga, ila wao hupaka mbao. Maelezo yao hayafai kwa saruji. Mbao haina magadi, haipandishi maji kutoka ardhini, wala haitoi chumvi. Mwongozo huu ni wa sakafu ya zege iliyopigwa niru, yaani tabaka jembamba la saruji laini juu yake, ile iliyomo katika nyumba zetu nyingi. Kupaka kwenyewe ni kazi ya siku mbili au tatu. Kinachoamua kama rangi itadumu miaka au itainuka masika yajayo ni hali ya saruji iliyo chini yake, kwa hiyo maandalizi yatachukua nafasi kubwa hapa kuliko rola.

Ijue sakafu yako kabla hujanunua kopo

Kama sakafu ni mpya, subiri angalau siku 28 tangu ilipomwagwa. Kwa hali ya hewa ya pwani mimi ningengoja hata miezi miwili, kwa sababu zege linaweza kuwa gumu juu huku ndani bado limeshika maji.

Kisha pima unyevu. Kata kipande cha nailoni nzito inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne pasiwe na upenyo hata mdogo. Kiache usiku kucha, saa 16 au zaidi, kisha kifunue. Ukikuta matone ya maji chini ya nailoni, au saruji pale imekuwa na rangi nzito kuliko pembeni, sakafu yako inapandisha maji. Weka vipande vitatu vinne mahali tofauti: katikati ya chumba, karibu na ukuta wa nje, na karibu na bafu. Ukuta wa nje ndio husema ukweli zaidi. Na upime wakati wa mvua au mara baada yake, maana sakafu iliyo kavu mwezi wa pili inaweza kulowa mwezi wa tano.

Sababu ya unyevu huo kwa kawaida ni moja: mjenzi hakutandika nailoni chini ya zege, au aliitandika ikatobolewa na kokoto. Maji ya ardhini hupanda kidogo kidogo na kutoka juu kama mvuke. Ukiuzibia njia kwa rangi ngumu, mvuke hausimami. Unasukuma rangi mpaka inatoa malengelenge, na lengelenge likipasuka, dekio linaingiza maji na kazi imekwisha. Hakuna rangi ya kawaida ya dukani itakayoshinda jambo hilo, hata muuzaji aape.

Dalili nyingine ni unga mweupe unaotoka sakafuni na kurudi kila ukifagia. Hiyo ni chumvi. Nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa ufukweni huwa nayo sana. Kama inarudi baada ya kusuguliwa na kukauka, ichukulie sawa na unyevu: usipake.

Kwa sakafu ya namna hiyo kuna njia nyingine ya kupata weupe. Toa niru ya zamani, upige niru mpya ya saruji nyeupe, ambayo maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi huiuza kwa ajili ya kuziba mianya ya vigae. Haitang'aa kama kioo na itakuwa na mawingu mawingu, lakini inapumua, na ikipigwa mwiko vizuri inapendeza kwa namna yake.

Na kama nyumba yako ni ya mawe ya zamani, Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, yenye sakafu za chokaa juu ya boriti, nakuomba usipake rangi ya plastiki kabisa. Chokaa huishi kwa kuvuta na kutoa unyevu. Ukiifunika, maji yatatafuta njia kwenye kuta na kwenye vichwa vya boriti, na boriti ikioza gharama yake ni nyingine. Miji hiyo miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Zanzibar tangu 2000 na Lamu tangu 2001, na mabadiliko ya nyumba zake yana utaratibu wa vibali. Hapo tumia chokaa nyeupe na fundi anayeijua.

Sakafu ikifaulu mtihani wa nailoni, igonge. Tembea chumba kizima ukigonga kwa mpini wa nyundo. Mahali panapolia tupu, niru haijashika zege la chini. Pabomoe papo hapo na upazibe upya, kwa sababu rangi itaivuta niru hiyo na vyote vitanyanyuka pamoja. Mwisho nyunyiza matone ya maji. Yakizama ndani ya dakika moja hivi, saruji iko wazi kupokea rangi. Yakikaa juu kama kwenye jani la mgomba, kuna kitu kimeifunga, na mara nyingi kitu hicho ni polishi.

Polishi nyekundu ndiyo adui mkubwa

Sakafu nyingi nyekundu ni saruji iliyochanganywa na oksaidi ya chuma, kisha ikapakwa polishi kila wiki kwa miaka. Oksaidi haina neno, imo ndani ya saruji na haitapenya kwenye weupe. Polishi ni nta, na juu ya nta hakuna rangi inayoshika.

Kwanza kwangua. Tumia chuma chenye ncha bapa, hasa kwenye pembe na nyuma ya milango, ambako nta hujazana bila kukanyagwa. Pili, chukua waiti spiriti na vitambaa vingi, lowesha kipande cha mita moja, acha dakika chache nta ilegee, kisha ifute mara moja kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikijaa kibadilishe. Ukiendelea na kilekile, unahamisha nta tu kutoka hapa kwenda pale. Madirisha yawe wazi, jiko liwe limezimwa, na vitambaa vikaushwe nje vikiwa vimetandazwa, visirundikwe ndani. Mafuta ya taa usiyatumie ingawa ni rahisi, kwa sababu yanaacha utelezi wake mwenyewe. Tatu, sugua sakafu yote kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, kisha suuza mara mbili.

Rudia matone ya maji. Kama bado hayazami, rudi kwenye waiti spiriti. Sakafu iliyopigwa polishi miaka mingi inaweza kula siku nzima kwa chumba kimoja, na hapo ndipo mafundi wengi wa kulipwa kwa siku huchoka na kuanza kupaka. Simama nao.

Kuikwaruza, kuziba, kufagia

Niru laini haipokei rangi hata ikiwa safi, lazima ipate ukwaruzo. Mafundi wengi watakushauri asidi. Mimi napendelea msasa. Kwa chumba kidogo, msasa namba 60 uliofungwa kwenye kipande cha ubao unatosha. Kwa nyumba nzima kodisha grainda yenye jiwe la kusagia zege. Unataka mng'ao wa niru uondoke na kiganja chako kikipita kihisi mchanga mwembamba.

Vumbi la saruji lina silika, nayo huharibu mapafu moja kwa moja. Kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi. Vaa barakoa ya N95. Kama sakafu iliwahi kupakwa rangi ya mafuta zamani, kuna uwezekano ilikuwa na risasi, yaani madini yale yenye sumu. Hapo sugua ikiwa imelowa, kusanya tope lake kwenye mfuko, na watoto na mama wajawazito wasiwepo nyumbani siku hiyo.

Ukiwa huna namna ila asidi, basi ni sehemu moja ya asidi ya haidrokloriki kwa sehemu kumi za maji. Maji yatangulie kwenye ndoo ya plastiki, asidi imiminwe ndani yake taratibu. Usigeuze mpangilio huo. Vaa glavu, miwani na viatu vya mpira. Toa friji na vitu vyote vya chuma chumbani, moshi wake huleta kutu. Usiikaribishe na jiki kwa hali yoyote, maana zikikutana hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua. Baada ya kutoa povu, suuza kwa maji mengi mara tatu, na usubiri sakafu ikauke siku kadhaa.

Nyufa nyembamba zipanue kidogo ziwe na umbo la V, toa vumbi, zijaze fila ya epoksi. Ufa ambao upande mmoja umeshuka kuliko mwingine si kazi ya fundi rangi, mwite fundi mwashi autazame msingi kwanza. Mashimo madogo yote yazibe sasa. Mng'ao hauna huruma. Kitobo ambacho kwenye saruji hukioni, chini ya rangi nyeupe inayong'aa utakiona kila asubuhi.

Fagia, pitisha mashine ya kunyonya vumbi kama unaweza kuiazima, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Bandika tepu ya mkono sakafuni na uivute. Ikitoka na unga, futa tena.

Rangi gani

Rangi ya mafuta ile ya milango na madirisha ni rahisi, inang'aa, na fundi atakwambia inatosha. Haitoshi. Magadi yaliyomo kwenye saruji huishambulia kutoka chini na kuigeuza utelezi kama sabuni, na zaidi ya hapo nyeupe yake hugeuka njano mahali pasipo mwanga. Ukiinua zulia baada ya mwaka utakuta mstatili wa rangi ya siagi.

Nunua epoksi ya sakafu, ya makopo mawili: rangi na hadna yake, yaani kigandishi. Vikichanganywa hugandana kwa kemikali na kuwa kitu kigumu kinachostahimili magadi, sabuni na viti. Epoksi ina udhaifu wake pia. Jua likiipiga inakuwa njano na kupoteza mng'ao. Ndani ya vyumba si tatizo kubwa, lakini karibu na mlango wa mbele au dirisha linaloangalia magharibi, ongeza mkono (tabaka) wa juu wa poliurethani isiyogeuka rangi juani. Barazani usitumie epoksi peke yake.

Chukua praima, ile inayopakwa kwanza chini ya rangi, ya kampuni ileile ya rangi. Soma kwenye kopo inafunika mita ngapi, kisha uwe na busara: kopo hutaja sakafu laini, nawe una saruji inayokunywa. Mfano, chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita 14 za mraba. Ukikadiria lita moja ya praima kwa mita 6 na lita moja ya rangi kwa mita 8, utahitaji lita mbili na nusu za praima na lita tatu na nusu za rangi kwa mikono miwili. Juu ya sakafu nyekundu panga mikono mitatu, mwili wa nyeupe hauwezi kuficha wekundu kwa miwili. Nunua ya kutosha mara moja na uangalie namba ya toleo kwenye makopo, nyeupe mbili zinaweza kutofautiana.

Siku ya kupaka

Kwa pwani, miezi bora ni ya kusi, kuanzia Juni mwishoni hadi Septemba. Hewa ni kavu zaidi na joto limepungua. Joto ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila nyuzi 10 zinapoongezeka, muda wa rangi iliyochanganywa kukaa laini hupungua kwa karibu nusu. Kopo likisema una saa moja kwa nyuzi 25, mchana wa Februari una nusu saa tu na zaidi kidogo.

Anza alasiri, mnamo saa tisa. Asubuhi zege linapopata joto hewa iliyo ndani yake hutanuka na kutoka, ikiacha vitobo kwenye rangi mbichi. Alasiri linapoanza kupoa, hali hugeuka na rangi hushikwa vizuri zaidi. Lakini umalize mapema, kabla ya unyevu wa usiku kushuka. Sakafu ikiwa inatoa jasho, au mvua inanyesha nje, ahirisha. Epoksi inayokauka kwenye unyevu hupata utando wa mafuta mafuta na ukungu usioondoka.

Koroga kopo la rangi peke yake kwanza, hadi chini. Pima rangi na hadna kwa vipimo vilivyoandikwa, usikisie kwa jicho. Hadna ikipungua rangi haitakauka kamwe, na ikizidi itakauka vibaya. Koroga dakika tatu ukikwangua pembeni na chini, mimina kwenye ndoo ya pili safi, koroga tena. Changanya kidogo kidogo, kiasi cha nusu saa ya kazi, na uimimine mara moja kwenye trei. Ikikaa imejaa kwenye ndoo hujichemsha yenyewe na kuganda mikononi mwako.

Brashi hutangulia kwenye kingo, rola hufuata kabla kingo hazijakauka. Tumia rola ya manyoya mafupi, ya milimita 6 hadi 8, uliyoibandika tepu na kuivuta ili manyoya malegevu yatoke. Rola ya sponji inaacha mapovu. Anzia kona ya mbali, rudi nyuma kuelekea mlangoni, kila mpito ulalie ule wa kabla ukiwa bado mbichi. Mkono uwe mwembamba. Mkono mnene hukunjamana.

Jambo ambalo makopo hayaandiki: wadudu. Taa ikiwaka juu ya sakafu nyeupe mbichi jioni, kila mbu na kumbikumbi wa mtaa atakuja kufia hapo. Zima taa, funga wavu, acha upepo upite kwenye wavu tu.

Mkono unaofuata upake ndani ya muda uliotajwa kwenye kopo, mara nyingi kesho yake. Ukipitiliza muda huo, pitisha msasa namba 120 kwa wepesi na ufute vumbi, la sivyo mikono miwili haitashikana.

Mahali panapolowa, mlangoni mwa bafu, jikoni, na pale watu wanapopita na miguu ya udhu, nyunyiza mchanga safi mweupe wa kwatzi, mwembamba sana, juu ya mkono wa kwanza ukiwa mbichi, kisha upake wa pili juu yake. Mng'ao utapungua hapo. Kubali. Sakafu inayong'aa ikipata maji inateleza vibaya, na bibi mmoja akianguka na kuvunjika nyonga hakuna weupe utakaomfidia. Ndani ya bafu lenyewe singepaka mng'ao kabisa.

Baada ya mkono wa mwisho, soksi tu baada ya saa 24. Makochi na kitanda baada ya siku tatu, yabebwe yasiburutwe. Maji na dekio baada ya wiki. Mikeka na mazulia wiki mbili.

Kuishi nayo

Sakafu nyeupe haichafuki haraka kuliko nyekundu, inaonyesha tu. Utaona nywele, sisimizi na punje ya sukari. Kuna watu jambo hilo huwatesa, na ni vizuri ujijue kabla. Kinachoiumiza kweli ni mchanga. Kila punje chini ya kandambili ni msasa, na mng'ao hufifia kwanza kwenye njia ya mlangoni. Desturi yetu ya kuvua viatu nje inafaa sana hapa. Ongeza busati la kukung'uta nje na jingine la kitambaa ndani.

Fagia kila siku kwa ufagio laini, wa chelewa ubaki uani. Deki kwa ndoo mbili, moja ya maji yenye sabuni kidogo, ya pili ya kusuuzia dekio, na ulikamue sana. Sabuni nyingi huacha utando unaonasa vumbi na kuua mng'ao. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, malizia kwa kitambaa kikavu, vinginevyo utabaki na madoa ya matone kila mahali.

Manjano ya bizari yakimwagika yafute upesi. Doa likibaki mahali jua linapofika, lenyewe hufifia kwa siku kadhaa. Hina ni nzito zaidi, siku ya singo na kupaka hina tandikeni shuka la nailoni chini ya mkeka. Samli na mafuta ya nazi hutoka kwa sabuni, ila kwa muda huo ni hatari kwa mwenye kupita.

Moto epoksi haiuwezi. Jiko la mkaa likae uani, au juu ya kigae kipana, na sufuria ya moto isitue sakafuni hata kwa dakika, italegeza rangi na kuacha pete. Mazulia yenye mgongo wa mpira na magurudumu ya pikipiki huacha madoa ya njano au kahawia yaliyopenya ndani ya rangi, hayasuguliki. Tandika mkeka wa ukindu au zulia la pamba. Chini ya miguu ya viti bandika vipande vya kitambaa kizito, uvibadilishe vikijaa mchanga.

Ikikwaruzwa

Hifadhi rangi kidogo na hadna kidogo kwenye chupa mbili tofauti zilizofungwa vizuri, uandike juu yake vipimo na tarehe. Kwa kiraka kidogo pima kwa mabomba ya sindano, moja kwa kila chupa, ndiyo njia ya kupata uwiano sahihi wa kijiko kimoja. Laza kingo za jeraha kwa msasa, futa, bandika tepu ya karatasi kuzunguka, paka mikono miwili myembamba, ng'oa tepu kabla rangi haijakauka. Ziba mapema. Saruji ikiwa wazi, kila siku ya kudeki inaingiza maji chini ya rangi nzima iliyo jirani.

Njia ya mlangoni ikishafifia, huna haja ya kubomoa. Deki vizuri, acha ikauke siku mbili, pitisha msasa namba 120 chumba kizima mpaka mng'ao wote ufe, futa vumbi, na upake mkono mmoja mpya kutoka ukuta hadi ukuta. Usipake njia peke yake, mpaka wa rangi ya zamani na mpya utauona daima. Lakini kama sehemu imeinuka yenyewe bila kukwaruzwa, rudi kwenye kipande cha nailoni kabla hujafungua kopo.